Kushuka Naivasha Usiku: Mwongozo kwa Kikundi Kinachopanda Treni ya Kisumu

Treni ya Kisumu, inapokuwa kwenye ratiba, huondoka stesheni kuu ya Nairobi Ijumaa jioni, saa kumi na mbili unusu, na kulala njiani. Ilifufuliwa Desemba 2021 baada ya miaka kadhaa ya kimya, nauli wakati huo ikiwa shilingi 600 kwa daraja la chini na 2,000 kwa daraja la kwanza. Wengi huipanda wakiwa na nia moja tu, kuamkia Kisumu. Mwongozo huu ni wa wale wanaotaka kukata safari katikati: chama cha akina mama wa Laini Saba huko Kibera, timu ya mpira ya Gatina huko Kawangware, kwaya, au marafiki tu wa ploti moja, wanaotaka kushuka Naivasha, walale kando ya ziwa, kisha waendelee. Safari ya namna hiyo haiharibiwi na nauli. Huharibiwa na saa ya kufika na baridi, na yote mawili hutatuliwa mtaani kabla mtu hajafunga begi.

Anzeni na ratiba. Kabla ya kuchangisha hata shilingi moja, mtumeni mtu stesheni aulize kama treni ya wiki hiyo ipo na kama itasimama Naivasha. Aende mwenyewe, msitegemee picha ya ratiba inayozunguka kwenye WhatsApp, kwani hizo huishi kuliko treni zenyewe. Hii ni reli ya zamani, ile iliyofika Nairobi Mei 1899 na Kisumu Desemba 1901, na mvua kubwa huisumbua. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli huko Old Kijabe yalipasua njia na kufagia vijiji vya Mai Mahiu, watu wengi wakafa. Kwa hivyo msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, si wa kupanga safari hii. Mkisikia mvua imetanda Limuru wiki nzima, ahirisheni, na asiyetaka kuahirisha mwacheni aende na matatu.

Swali la pili ni kama mshuke mkienda au mkirudi. Jibu langu halina kigugumizi: mkienda. Treni inayorudi huondoka Kisumu Jumapili jioni, na hupita Naivasha usiku mkubwa, mkiwa mmechoka na mfuko umelegea. Mkienda mtafika usiku pia, lakini ni usiku ambao hoteli bado ina taa na dereva bado anapokea simu. Mjue pia kwamba treni hii ni ya mara moja kwa wiki kila upande. Ukishuka Naivasha, umeagana nayo. Kipande kilichobaki cha kwenda Kisumu ni cha barabara, na nauli yake iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Hapo tumefika kwenye pesa. Idadi bora ya kikundi ni watu kumi na wanne, au pungufu kidogo. Hesabu hiyo imetoka kwenye matatu: gari dogo la abiria hubeba kumi na wanne, na kila mahali mtakapokwenda baada ya treni mtabebwa na gari hilo. Mkiwa kumi na saba, watatu watabaki stesheni wakisubiri gari la pili gizani, na hao watatu ndio watakaosimulia safari hiyo mwaka mzima.

Mchango upitie kwa mtu mmoja mwenye daftari. Msikubali pesa zitumwe kwa simu tatu tofauti ati kwa sababu huyu yuko Kisumu Ndogo ya Kibera na yule yuko Kawangware. Mweka hazina agawe mafungu wazi: treni, gari la kutoka stesheni, malazi, chakula, boti, nauli ya kuendelea, na akiba. Akiba iwe ya dharura ya kweli, mtu akiugua au gari likiharibika, wala isiguswe kwa soda. Kubalianeni mapema juu ya anayejitoa, kwa sababu atakuwepo. Kila kikundi kina mtu ambaye shangazi yake huugua Alhamisi. Kanuni inayoeleweka na wote ni kwamba mtu akijitoa kabla ya tiketi kukatwa anarudishiwa chote, na akijitoa baada ya hapo anarudishiwa chakula na boti tu. Iandikwe kwenye daftari na isomwe mbele ya watu. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa shilingi mia sita ambazo hakuna aliyekuwa amezitolea kauli.

Sasa baridi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mkazi wa Kibera aliyepitisha Julai kwenye nyumba ya mabati anajua baridi ni nini. Ndiyo maana wengi huidharau ya Naivasha. Lakini baridi ya mtaani imezuiliwa na kuta zilizobanana, majiko ya majirani na watu wanne kwenye chumba kimoja. Ziwa liko karibu mita 1,900, mbingu iko wazi juu yake, na joto lote la mchana hupotea mara jua likizama. Kati ya Juni na Agosti usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na umande ni mzito kiasi kwamba nguo iliyoachwa nje usiku asubuhi inakamuliwa. Na kabla ya kufika huko, treni itakuwa imepanda Limuru, juu ya mita 2,200, madirisha yakipitisha upepo. Wengine huanza kutetemeka wakiwa bado Kikuyu.

Dawa yake iko soko la Toi, Kibera. Nendeni asubuhi ya siku mtumba unapofunguliwa mkitaka kamera, yaani nguo za kuchaguliwa kwanza, au mwende jioni mkitaka bei ya kutupa. Mnunuzi wa safari hii hatafuti jaketi la kupendeza. Anatafuta lenye zipu inayofika kidevuni, mikono yenye lastiki, na bitana isiyochanika. Tia mkono mfukoni kabla ya kulipa, uone kama kuna tundu. Pesa ya safari huangukia hapo. Kofia ya sufu, ile vijana wanaiita marvin, ni ya lazima, na soksi jozi mbili, moja ya kulalia ambayo haigusi matope. Wa Kawangware wasijisumbue kuvuka hadi Kibera. Soko lao lina sweta za kutosha, ingawa majaketi mazito Toi ni mengi zaidi. Kila mtu abebe shuka la Kimaasai au blanketi jepesi ndani ya begi la mgongoni. Leso ni nzuri kwa kujifunika kichwa na kukalia nyasi, lakini usiku wa ziwani leso peke yake ni mapambo.

Kuna watu ambao kwao baridi ni hatari yenyewe. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, si kwenye begi lililo juu ya rafu. Mwenye ugonjwa wa selimundu, na familia nyingi za Magharibi na Nyanza zinaujua, akumbuke kwamba baridi na kukosa maji ya kutosha huamsha maumivu. Huyo aulize kliniki yake kwanza, na kiongozi wa kikundi ajue, kwa siri ikibidi. Watoto wachanga waacheni nyumbani na nyanya yao.

Siku ya Ijumaa, foleni ya Ngong Road haina huruma. Wanaotoka Kawangware kwa gari nambari 46 wawe njiani kufikia saa tisa alasiri. Wa Kibera wana nambari 8, au miguu yao, kama wanavyokwenda kazini kila siku. Mkutane ndani ya stesheni, si nje kwenye stendi ya matatu ambako mtu akipotea amepotea. Kila mtu awe na kitambulisho halisi mkononi, na simu iliyojaa chaji.

Treni ikishaondoka mjini, itawarudisha mlikotoka. Reli inapita katikati ya Kibera, Laini Saba hadi Makina, kisha Dagoretti. Utakuwa umepanda gari kwenda mjini ili upande treni inayokupitisha nyuma ya kwenu, na lazima kutakuwa na mtu kikundini atakayeuliza kwa nini asiirukie hapo hapo. Asiirukie. Na nyinyi mlio ndani, fungeni madirisha na rudisheni simu mifukoni mpaka mpite; anayeshikilia simu dirishani akimpigia picha mama yake pale Makina anaweza kumpa picha hiyo mtu mwingine kabisa.

Ndani ya behewa la daraja la chini, kaeni pamoja na mwachieni mmoja kazi ya kuhesabu vichwa. Kuleni mapema, kabla ya Limuru, chakula mlichobeba wenyewe: chapati, mayai ya kuchemsha, maharagwe yasiyo na mchuzi, chai kwenye thamosi mbili kubwa. Chai hiyo ni muhimu kuliko mnavyodhani. Mtu aliyekunywa kitu cha moto saa mbili usiku atashuka Naivasha akiwa binadamu. Pombe iacheni. Huleta joto la uongo: damu hukimbilia kwenye ngozi, mtu hujisikia moto, kumbe ndani anapoa, na kumshusha mlevi kwenye treni inayosimama dakika chache ni kazi isiyo na shukrani. Baada ya Kijabe, treni ikiteremka ukingo wa Bonde la Ufa gizani, amsheni waliolala, mvae majaketi mkiwa bado mmekaa, na mshushe mizigo miguuni. Tangazo la kituo msilitegemee. Mwachieni mmoja ramani ya simu afuatilie.

Kufika Naivasha ni usiku. Treni ikienda vizuri ni mnamo saa nne hivi, ikichelewa ni saa tano na zaidi. Stesheni iko mjini lakini mji wenyewe umeshafunga, na ziwa liko mbali na hapo. Hapa ndipo vikundi vingi hulemewa: watu kumi na wanne wamesimama kwenye upepo, kila mmoja akipiga simu, bodaboda wawili wakipandisha bei. Gari liwe limekodiwa tangu Jumatano, kwa bei iliyokubaliwa, dereva akiwa na nambari za watu wawili kati yenu. Mpeni malipo ya awali kidogo, yale ya kumfanya aache godoro lake. Mpigieni treni ikipita Limuru, mrudie ikikaribia Longonot.

Usiku wa kwanza laleni chumbani. Najua mmeona picha za mahema kando ya maji, moto na magitaa, na hiyo itakuja Jumamosi. Kusimamisha hema gizani, kwa mikono iliyokufa ganzi, kwenye ardhi usiyoijua ambako viboko hupanda kula nyasi, ni ujinga. Kando ya Moi South Lake Road kuna vyumba vya bei ya kila namna. Karagita, mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua, una lojing'i rahisi, na mtu wa Kibera hatajiona mgeni: watu wengi wametoka Magharibi na Nyanza, vibanda vya chapati vipo, na kelele za Ijumaa ni zile zile. Mkitaka utulivu na bustani, kambi zilizo mbele zaidi kuelekea Kamere zina vyumba vya pamoja na viwanja vya mahema. Ulizeni mambo matatu kwa simu kabla ya kulipa: blanketi ni ngapi kwa kitanda, maji ya moto yanatoka saa ngapi, na lango hufungwa saa ngapi. Hili la lango limelaza watu nje.

Kuna jambo moja ninalolisema kwa ukali. Usiku ule, mtu mwenye huruma, pengine mwenye nyumba, atawaletea jiko la makaa mliingize chumbani. Likataeni. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Moshi umekwisha, makaa yamekuwa mekundu, chumba kimepata joto tamu, na ndipo hatari inapokuwa kubwa, kwa sababu hakuna kinachowaonya. Mtu huanza kuumwa kichwa, anahisi usingizi mzito, anadhani ni uchovu wa safari, analala. Kila msimu wa baridi Nairobi hupoteza watu hivyo, na wengi ni wa vyumba vidogo kama vyetu. Hema ni baya zaidi kuliko chumba. Jiko likae nje, mwote moto mkiwa mmekaa nje, kisha mwingie ndani na chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri na kuviringishwa kwenye soksi, mziweke miguuni. Laleni wawili wawili, mkiwa na kofia vichwani. Mkiamka na mwenzenu analalamika kichwa na kichefuchefu baada ya kulala na jiko, mtoeni nje kwenye hewa mara moja na mkimbie hospitali.

Jumamosi asubuhi ziwa ni tulivu, na hiyo ndiyo saa ya boti. Mchana upepo huinuka na maji huchafuka, kwa hivyo msikubali kuahirishiwa hadi saa tisa kwa sababu boti iko na wageni wengine. Bei hupatanwa kwa boti kwa saa, si kwa kichwa. Kila mtu avae jaketi la kuelea kabla mguu haujaingia botini, na lifungwe. Likiwa limewekwa kitini halimsaidii mtu. Kama majaketi ni kumi na nyinyi ni kumi na wanne, wanne wabaki ufuoni, hata kama nahodha anasema hakuna shida. Viboko wataonekana, na boti isisogezwe karibu ili mtu apate picha. Jioni msitembee ukingoni, hata kwenda kujisaidia. Kiboko akiwa nchi kavu na wewe uko kati yake na maji, hakuna mazungumzo.

Ziwa lenyewe limebadilika. Maji yamepanda kwa miaka mingi sasa. Mtaa wa Kihoto ulifurika 2020 na tena 2025, na kuna miti iliyokauka ikiwa imesimama ndani ya maji mahali palipokuwa malisho. Njia na fuo mlizoelezwa na mtu aliyekwenda zamani huenda zimo chini ya maji, kwa hivyo mfuateni mwenyeji.

Chakula cha mchana kiwe Kamere, ufuoni, ambako wavuvi hufikisha samaki na akina mama huwakaanga hapo hapo. Chagueni samaki mbichi kwa macho: jicho liwe limeng'aa na limetuna, matamvua yawe mekundu. Tilapia ndiye wa kuagiza. Yule mkubwa mwenye magamba mapana na bei ya chini ni mtamu lakini ana miiba mingi, na si wa kupewa mtoto wala mtu mwenye haraka. Kubalianeni bei ya samaki na ya kukaanga pamoja, kisha ugali na sukuma zihesabiwe kwa sahani. Maji ya kunywa nunueni ya chupa. Maji ya visima vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, na meno ya wenyeji wengi ni ushahidi.

Mkitaka kwenda Hell's Gate, mbuga iliyotangazwa 1984, ni karibu na inapendeza kwa kikundi kwa sababu watu huruhusiwa kutembea kwa miguu na baiskeli. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, kwa hivyo mweka hazina awe na chaji na bando. Baiskeli zikaguliwe breki kabla ya kulipwa. Lakini kwenye korongo la mbuga hiyo msiingie kama kuna wingu, na wala si lazima mvua iwe inanyesha mlipo: maji hutoka juu mbali, hujaza mfereji ule mwembamba kwa dakika chache, na kuta hazipandiki. Aprili 2012 kikundi cha vijana wa kanisa kilikutwa humo na mafuriko, saba wakafa. Septemba 2019 yalitokea tena kwa wageni wengine. Mwenyeji anayewaongoza akisema tugeuke, geukeni bila kumwuliza kuhusu pesa mlizolipa.

Jumapili kikundi hugawanyika, na ni afadhali kiwe kimepanga kugawanyika. Wanaorudi Nairobi wapande matatu za Naivasha mjini kabla ya saa nane, maana jioni magari hujaa na nauli hupanda. Wa Kawangware washukie Uthiru na kuteremka na barabara yao, ile inayoitwa Naivasha Road. Wa Kibera waendelee hadi mjini. Wanaoendelea Kisumu waamke saa kumi na mbili asubuhi, wachukue gari la Nakuru, wabadilishe hapo kwa la Kericho na Kisumu. Majaketi yasiingie kwenye buti ya gari, kwani Mau Summit ni baridi kuliko Naivasha. Mkiteremka Awasi na Ahero mtayavua yote, na hapo adui anabadilika: neti, dawa ya mbu, na shati la mikono mirefu jioni, kwa kuwa mwili uliolelewa Nairobi hauna kinga ya malaria ya ziwani.

Na mwenye kazi Jumatatu asidanganywe na hesabu ya haraka. Ukitoka Naivasha Jumapili asubuhi utafika Kisumu mchana, na treni ya kurudi huondoka jioni hiyo hiyo saa kumi na mbili unusu. Utakuwa umesafiri siku nzima ili ule samaki mmoja na kupanda tena. Huyo arudi Nairobi na wenzake. Safari kamili, ziwa hili na lile lingine, inahitaji wiki nzima, tiketi ya kurudi ikikatwa ya Jumapili inayofuata, na mwenyeji Kisumu aliyeambiwa mapema watu wake ni wangapi na watalala siku ngapi.